Mazoea yana taabu: shajara ya majani na shaba, Lubumbashi, Katanga (Kongo)

9 Mei

Mradi huu umezaliwa na ubishi, haukupangwa. Nilikuwa na darasa la mwaka wa nne, somo la mageuko ya viumbe, saa ya mwisho, wakati kila mtu anawaza bukari, yaani ugali. Nikauliza: kule ulikoangukia moshi wa kiwanda cha shaba, ardhi imekuwa kipara tangu enzi za nkambo zetu, babu na bibi. Mbona kuna majani ya aina chache yanaota pale kama kwao? Darasa zima likajibu: "Yamezoea, Mwalimu!"

Nikasema hayakuzoea. Wakasema yamezoea. "Hata sisi tumezoea kukatika umeme," akasema mmoja wa nyuma. Watu wakacheka, na siku hiyo nikashindwa.

Neno hilo limenisumbua hadi usiku. Kuzoea ni jambo la mtu mmoja katika maisha yake. Mchimbaji anaota sugu mkononi kwa ajili ya sururu, lakini mtoto wake anazaliwa na kiganja laini sawa na cha mtoto wa karani. Sugu hairithiwi. Tena mche kwenye udongo ule hauna hata siku ya kuzoea, maana mzizi unakutana na shaba asubuhi ileile unapochungulia nje ya mbegu. Mwenye nguvu anaendelea, asiye nayo anakufa na mbegu zake hazipo tena. Mmea wenyewe haukubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni hesabu ya nani yumo katika ukoo.

Kesho yake niliyasema hayo darasani, nikiwa nimejiandaa vizuri. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyosha mkono: "Mwalimu, hayo umeyaona?"

Sikuwa nimeyaona. Nilikuwa nimeyasoma. Basi tuko sita: mimi, binti huyo (sasa ni katibu), mpimaji, mshika sindano, na vijana wawili ambao kazi yao mpaka sasa ni kubisha. Nimewaachia, ubishi nao ni kazi.

17 Mei

Tumechuma mbegu. Tumechagua majani yenye mashuke ya rangi ya waridi, manyoyamanyoya, yale ambayo watoto huyapuliza njiani. Jina lake la kitabuni ni *Melinis repens*. Sababu ya kuyachagua ni ya kivivu: yanaota mahali pabaya na mahali pazuri, kwa hiyo tunaweza kulinganisha ndugu na ndugu.

Kundi la kwanza limetoka kaskazini-magharibi mwa kiwanda. Kiwanda cha kuyeyusha shaba kiliwashwa mwaka 1911, mwaka mmoja tu baada ya mji kuanzishwa, na wakati wa kiangazi upepo wetu hutoka kusini-mashariki. Kwa hiyo mzigo wa moshi umekuwa ukitua upande mmoja, mwaka baada ya mwaka. Ukipita pale unaona udongo mtupu, umeliwa na mvua, na juu yake mabaka ya majani mafupi. Kundi la pili tumelichuma kando ya barabara ya Kasumbalesa, mbali na mji, upande unakotoka upepo.

Mama mmoja anayeuza mboga za lengalenga alituona tumeinama na glavu na bahasha, akauliza kama tumeona almasi. Katibu akamjibu kwa heshima zote: "Hapana Mama, ni majani tu." Mama akatuhurumia wazi.

Sheria za siku hiyo: hakuna kula wala kushika mdomo hadi mikono imeoshwa kwa sabuni, na viatu havingii darasani na udongo ule. Bahasha zimeandikwa K kwa kiwanda, na B kwa barabara. Mbegu mbichi za majani haya haziamki upesi, zinataka kulala miezi kadhaa. Zimeingia kabatini.

6 Juni

Wakati mbegu zinalala, tumezungumza habari za milima ya shaba, na hapa nilitaka kukaa kidogo kwa sababu watoto wa Katanga wanajua bei ya shaba kuliko maua yake.

Kabla ya kiwanda chochote, shaba ilikuwa inatokea yenyewe juu ya ardhi. Katika pori la miombo unakutana ghafla na kilima kisicho na miti, majani matupu na maua. Wazee waliokuwa wakiyeyusha mukuba, yaani shaba, na kumimina misalaba walijua kwamba palipo kipara namna hiyo ndipo pa kuchimba. Kuna ua moja la zambarau, *Haumaniastrum katangense*, la jamii moja na rehani. Linaota juu ya udongo wenye shaba kiasi kwamba wanaakiolojia wamelitumia kutafuta mahali palipokuwa na tanuri za kale: moto ulizimika karne nyingi zilizopita, ua bado linaonyesha kidole. Mtaalamu wa mimea Mbelgiji, Paul Duvigneaud, aliyaandika mengi ya maua haya katika miaka ya 1950 na 1960. Leo zinahesabiwa aina 600 hivi za mimea katika milima ya shaba ya Katanga, na kama 30 kati yake haziko popote pengine duniani. Moja, *Crepidorhopalon perennis*, inajulikana mahali pamoja tu: Étoile, mgodi ule wa upande wa Ruashi ambako uchimbaji wa kizungu ulianza mwaka 1911.

Hapo mmoja wa wabishi wetu akafurahi. "Basi Mwalimu, milima imekuwepo maelfu ya miaka, mimea ikapata muda. Lakini kiwanda hakijafika hata miaka mia na ishirini. Majani ya pale hayawezi kuwa yamebadilika."

Ni swali zuri kuliko lile la kwangu. Nikamsimulia habari za Uingereza. Watafiti wa Liverpool wakiongozwa na Anthony Bradshaw waliangalia mazulia ya majani kuzunguka kiwanda cha kusafisha shaba cha Prescot, kilichokuwa na umri wa miaka 70 hivi. Zulia la zamani lilikuwa limefunika ardhi yote, yale ya miaka michache yalikuwa mabaka mabaka. Ndani ya yale machanga, uteuzi, yaani udongo kuchuja nani aishi na nani afe, ulikuwa tayari umeanza kufanya kazi, na taarifa yao ilitoka mwaka 1975. Miaka michache! Mbishi akanyamaza, halafu akasema Uingereza si Katanga. Kweli.

29 Juni

Hakuna kitu. Mitihani.

14 Septemba

Shule imefunguliwa, joto limeanza, bahasha zimefunguliwa. Mbegu zimewekwa juu ya karatasi ya chooni iliyolowa ndani ya sahani. B zimeamka nyingi kuliko K. Tumeandika tu, bila kuelewa.

Vyombo vyetu: chupa za plastiki zilizokatwa shingo, zimefungwa karatasi nyeusi ili maji yasiote ukijani. Juu yake kinaelea kipande cha ile povu nyeupe inayokuja na televisheni, kimetobolewa, na chini ya tundu pamebandikwa kipande cha chandarua kilichochakaa. Mche unakaa juu ya chandarua, mzizi unashuka majini. Mpimaji alibuni hilo la chandarua mwenyewe. Mimi nilikuwa nimefikiria pamba, na pamba ingeng'ang'ania mizizi yote.

Ndani ya maji tumetia nitrati ya kalsiamu, nusu gramu kwa lita, ndiyo mbolea ya watu wa bustani. Chupa za shaba zinaongezewa sulfati ya shaba, zile chembe za buluu ambazo wakulima hupigia ugonjwa wa nyanya. Tunataka nusu miligramu ya shaba kwa lita, basi. Ni kidogo sana, lakini mzizi ukiwa ndani ya maji matupu hauna udongo wa kuukinga. Shaba inaharibu ngozi ya chembe hai za ncha ya mzizi, na ncha ikifa mzizi haurefuki. Ndiyo maana tunapima mizizi, majani tunayaacha.

28 Septemba

Tumeua kila kitu.

K na B, wote sawasawa: vijizizi vya rangi ya kahawia, vimejikunja kama mguu wa panzi aliyekaangwa. Chupa zisizo na shaba ni nzima kabisa. Wabishi walikuwa tayari kutangaza kwamba hakuna tofauti kati ya K na B.

Katibu ndiye aliyegundua, kwa sababu anaandika kila kitu hata visivyohitajika. Tuliyeyusha gramu 3.93 za sulfati katika lita moja, kupata gramu moja ya shaba, kwa kuwa robo tu ya uzito wa zile chembe ndiyo shaba, sehemu kubwa ni maji, salfa na oksijeni. Hapo sawa. Kisha ilipaswa kuchukua mililita 1 ya maji hayo na kutia katika lita 2. Daftari linasema: "sindano 2 zilizojaa." Sindano yetu ni ya mililita 5. Kwa hiyo mililita 10, mara kumi ya dozi.

Mshika sindano alitaka kujiuzulu. Nilimwambia kosa ni langu kwa sababu sikusimama naye. Ni kweli pia. Na kosa lenyewe limetufundisha jambo: uteuzi ukiwa mkali kupita kiasi hauteui chochote, wanakufa wote, mwenye jeni nzuri (maelekezo ya urithi) na asiye nayo. Pembezoni mwa kiwanda kuna mahali kama hapo, hapaoti kitu chochote.

5 Oktoba

Tumeanza upya. Miche 20 ya K na 20 ya B katika shaba, na idadi hiyohiyo katika maji yasiyo na shaba. Ninashika sindano mimi, mshika sindano anasoma mistari kwa sauti, katibu anaandika anachosikia. Inachekesha kututazama.

19 Oktoba

Siku ya kupima. Mpimaji anautoa mche kwa koleo ya nyusi ya dada yake, anaulaza juu ya sahani nyeusi, ananyosha mzizi kwa mswaki wenye maji, anasoma rula. Milimita tu, bila sentimita.

Katika maji yasiyo na shaba, mzizi mrefu wa kila mche wa B ulikuwa wastani wa milimita 31, wa K 26. K ni dhaifu kidogo pasipo shaba. Katika shaba: B wastani 6, K wastani 15. Ukigawanya, B imebaki na kama asilimia 19 ya urefu wake wa kawaida, K na asilimia 58 hivi.

Darasa lingeishia hapo na kupiga makofi. Mimi niliwazuia wasifute orodha ya mche mmoja mmoja, kwa sababu wastani unaficha kile hasa tulichokuja kutafuta. Katika K 20 kulikuwa na minne isiyofika milimita 5. Wametoka kwenye ardhi ya shaba, mama zao wameishi pale, na bado wameanguka. Na katika B, miche 19 ilikuwa na visiki vya kahawia, halafu wa ishirini akatoka na mzizi mweupe wa milimita 17, wenye vinyweleo, kana kwamba hakuambiwa kuna shaba. Mpimaji aliurudia mara tatu. Wamemwita Mkaidi.

Mkaidi ndiye somo lote. Hajawahi kuona shaba, wala mama yake. Kama ukinzani wake uko katika jeni, basi ulikuwepo kabla ya haja, umekaa kimya kando ya barabara ya Kasumbalesa, hauna faida yoyote. Watafiti walewale wa Uingereza walimwaga mbegu za kawaida za majani ya *Agrostis* juu ya taka za shaba, wakapata mmoja au wawili wanaosimama katika kila elfu. Sisi tumepata mmoja katika ishirini, jambo linalonifanya nitilie shaka mkono wetu kuliko kufurahi. Huenda mbegu yake ilikuwa nono tu.

Lakini hoja inasimama. Tofauti hutangulia. Chembe hai inaponakili ADN yake (DNA, maandishi ya urithi) inakosea hapa na pale. Kila mtoto wa binadamu anazaliwa na makosa mapya kama 60 au 70 ambayo baba na mama hawakuwa nayo, katika herufi bilioni 3 na zaidi. Mengi hayana maana, machache yana madhara, na mara mojamoja kuna lenye faida mahali fulani. Kosa halijui linahitajika wapi. Udongo ndio unaochuja.

Na pasipo tofauti hakuna cha kuchuja. Miti mingi ya miombo imepakana na milima ya shaba muda wote huo na haijapanda hata hatua moja. Haja wanayo kama wengine. Wamekosa wa kuchaguliwa.

23 Oktoba

Katibu alibaki baada ya masomo. Akauliza kama SS, ugonjwa wa selimundu, ni kosa la kunakili. Mdogo wake ni SS, nyumbani kwao wanajua njia ya hospitali usiku kuliko ya soko.

Nikamwambia ndiyo. Ni herufi moja tu iliyobadilika katika maelekezo ya himoglobini, asidi-amino moja imeshika nafasi ya nyingine. Aliyerithi upande mmoja, AS, kwa kawaida ni mzima na analindwa kwa kiasi dhidi ya malaria kali. Mtafiti Anthony Allison alilionyesha hilo mwaka 1954, kule Afrika Mashariki. Penye malaria nyingi, wenye AS walizaa na kulea zaidi, kwa hiyo jeni ikabaki nyingi, na watoto wa SS ndio wanaolipa. Akaandika. Kisha akauliza: "Kwa hiyo si laana ya upande wa mama?" Nikamwambia mtoto wa SS amepokea S moja kwa baba na moja kwa mama. Akapigia mstari mara mbili. Sikuuliza anampelekea nani hilo daftari.

26 Oktoba

Mbishi wa pili, ambaye kwa miezi mitano hakuwa amesema neno la maana, leo ameuvunja mradi.

"Mwalimu, mbegu za K zilikua kwenye tumbo la mama aliyekula shaba. Huenda mama ndiye aliyeziandaa. Kama mtoto wa mama anayekula pilipili."

Nilitaka kumjibu haraka, nikakosa jibu. Ni kweli kabisa. Mama hutia akiba ndani ya mbegu, na hali yake inaweza kumfuata mtoto kwa kizazi kimoja bila jeni kubadilika. Tulichopima hakitofautishi urithi wa jeni na akiba ya mama. Yaani "yamezoea" bado haijafa! Imerudi kupitia mlango wa jikoni.

Dawa iko moja: tuoteshe K na B wote katika udongo mmoja safi, wazae hukohuko, tupime wajukuu. Kama wajukuu wa K, ambao mama zao hawakuonja shaba, bado wanashinda, basi ni jeni. Maana yake ni msimu mzima wa mvua. Mshika sindano akahesabu kwa vidole na kusema atakuwa mwaka wa sita.

11 Novemba

Mvua imeanza. Udongo safi tumeuomba kwa familia ya mpimaji, shambani kwao, njia ya Kasumbalesa. Makopo ya maziwa, matundu chini. K wako ukuta wa mashariki, B ukuta wa magharibi, kati yao uwanja wa mpira.

Nimewaambia kwa nini tunatenganisha. Katika bonde la Drws-y-Coed huko Wales, kuna mgodi mdogo wa shaba. Thomas McNeilly alionyesha mwaka 1968 kwamba upande unakotoka upepo, majani yanayostahimili yanakoma ghafla mpakani, lakini upande upepo unakoelekea yanafifia polepole, kwa sababu chavuo zinapeperushwa na jeni zinasafiri nazo. Na hazifiki mbali, maana kwenye udongo mzuri yale yanayostahimili shaba yanashindwa mbio na majirani zao. Mpimaji akakumbuka mwenyewe zile milimita 26 dhidi ya 31. Sikumkumbusha mimi.

Mkaidi amepewa kopo lake peke yake, mbali na wote, karibu na choo.

20 Desemba

Mkaidi hayupo. Siku ya salongo, usafi wa pamoja, kabla ya likizo mlinzi alisafisha uwanja wote, akamng'oa. Nilipomuuliza, alinishangaa kwa haki: "Mwalimu, yale si majani?"

Ni majani, Papa. Makopo ya ukutani aliyaacha kwa kuwa yalikuwa yamepangwa mstari.

15 Februari

Mashuke ya waridi yametoka, K kwanza, B siku 6 baadaye. Katibu amevisha kila shuke kifuko cha karatasi ya mkate ili upepo usituibie. Mvua inavilowesha, anavibadilisha kila Jumatano na Jumamosi.

3 Aprili

Tumevuna. K bahasha nne, B saba. Mbili za B zina kuvu, nimezitupa. Zilizobaki zinalala kabatini hadi Septemba. Sindano ya mililita 5 tumeiacha kwa wauguzi wa jirani, tumenunua ya mililita 1, na ufunguo wa kabati anao mshika sindano.